Sukari Yangu Haikuwa Sita

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Mwera. Bibi yako mzima, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Unauliza mbona daftari langu la sukari, uliloliona sikukuu ya Idi, lina sita kila asubuhi. Ile mashine ya kupimia sukari niliitumia siku ya kwanza tu. Ikasema sita, nikaona basi, damu yangu naijua, nikawa naandika sita hiyo hiyo bila kupima.

Ujanani hakuna aliyenishinda kukwea minazi wala kukausha mbata za kukamulia mafuta, hata hao wa Mkwaja. Baba yangu alitaka uvunje kipande kwanza usikie kwa mlio wake kama imekauka, ndipo utie mbata guniani. Msimu mmoja nilizitazama kwa macho tu, nikamwambia nimevunja. Tulipofungua magunia, ukungu mtupu. Baba hakunipiga. Akasema, "Mimi umenidanganya, sawa. Mbata nazo umezidanganya?"

Nilipoisoma barua yako, bibi yako akautazama mguu wangu. Kidonda cha kidole hakijapona tangu mfungo. Akasema, "Mkwezi mzima unaogopa kisindano?" Nikanawa mikono, maana nilikuwa nimeshika tende, nikajichoma mwenyewe. Akikwambia nilifumba macho, usimsikilize.

Mashine ikasema kumi na saba. Nimeiandika hivyo hivyo, chini ya zile sita zangu zote. Kesho asubuhi bibi yako ananipeleka zahanati, na njiani sitabishana naye.

Ni mimi babu yako,
Mzee Shehe