Kura Ndani ya Chandarua cha Harusi

Nyumbani kwa Famau bin Shee,
Kismayo.
6 Oktoba 1958

Mpendwa kaka Nasrudin,

Hapana, kaka. Kuondoka Kismayo kabla ya siku ya kura, nije Lamu nikae barazani kwako nimwandikie Bwana Mahmudi maneno ya kuomba radhi, hilo silifanyi. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu nikatafuta kalamu.

Lakini sikulelewa kuanza ugomvi kabla ya salamu. Assalaam alaikum. U hali gani, na ule mguu ulioteguka kwenye ngazi za gati umepoa? Wifi yangu Zakia hajambo, na kifua chake? Mwambie asiache kunywa tangawizi. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mola. Joto limeanza, maji ya kisima yameingia chumvi kidogo, na samaki ni tele hata paka wanachagua.

Famau hajambo na anakusalimu. Univumilie kaka, nitamtaja sana, kwa kuwa sina jingine moyoni. Nilipokuwa shule Unguja nilidhani mapenzi ni mambo ya vitabuni, ya watu wenye bustani. Kumbe yamo pia katika nyumba ya vyumba viwili, kwa karani wa bandari anayerudi mchana akinuka kamba na ndizi, na kabla hajavua viatu anauliza niliota nini. Alasiri nyumba ikijaa wanawake hawezi kuingia, basi huzunguka uani, akapitisha mkono dirishani na kikuba cha asumini. Wanawake wameujua mkono ule. Ukitokeza tu mmoja husema, "Bi harusi, mwizi wako amefika." Amenifundisha hata kula makaroni na ndizi mbivu, kama wanavyokula hapa, na sasa makaroni bila ndizi naona hayajaiva.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana umeyasikia kwa upande wa Bwana Mahmudi tu, kwa kuwa ni rafiki yako na mnauziana nguo.

Unajua nikaha yetu ilifungwa Lamu. Kwa hiyo wanawake wa Kismayo hawakumwona bi harusi. Mavyaa wangu, Bi Mwanamwema, akasema hilo haliwezekani, mtoto wake hakuoa kwa siri. Nikavalishwa upya, nikapakwa hina, nikaketishwa juu ya kitanda chenye chandarua cheupe, nitazamwe kila alasiri. Na bi harusi anayetazamwa, wewe unajua, hainui macho wala hafungui kinywa. Kazi yake ni kung'aa.

Nami nilikuwa naifanya hiyo kazi vizuri, mpaka alipoingia Bi Khamisa, dada yake Mahmudi. Mwaka huu ndio mara ya kwanza wanawake wa hapa kupiga kura, na Mahmudi anataka kiti katika halmashauri ya mji. Basi dada yake alipoona chumba kimejaa hakungoja hata kahawa. Akasema, "Siku ya kura nyote mje kwetu asubuhi. Halwa ipo, kahawa ipo. Mkishakula mtaambiwa alama ya kuweka, kisha mtapelekwa pamoja. Msijisumbue vichwa."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa, kama mtu anavyoitikia dua. Nami kaka, na hina yangu na macho yangu chini, nikajisikia nasema, "Bi Khamisa, wakishakula halwa, kule ndani kwenye chumba cha kura kila mmoja huingia na nani?"

Bi harusi amesema.

"Huingia peke yake," akajibu.

"Basi nani atajua ameweka alama gani?"

Mwanamke mmoja alitemea kahawa kanga ya mwenzake kwa kicheko. Mwingine akasema, "Kwa hiyo halwa tunaweza kula tu?" Bi Khamisa akasimama, akamwambia mavyaa, "Mkwe wako hana haya." Mavyaa akamjibu taratibu, "Haya anazo. Ulimi pia anao. Aliletwa mzima."

Hilo ndilo kosa langu lote kaka, kama kosa ni kuuliza.

Kesho yake walikuja mara mbili ya jana, na hawakuja kunitazama hina. Walitaka kujua kura inapigwaje. Famau alikuwa amenieleza, kwani bandarini makarani wote wameelezwa. Basi nikachora kwenye karatasi kikombe, kitana na samaki, alama ambazo hazina mwenyewe, ili asiseme mtu kwamba namnadia fulani. Tukashusha chandarua cha harusi. Kila mmoja akaingia peke yake na karatasi yake na kijiti cha wanja, akaweka alama, akakunja, akatoka, akatia ndani ya chetezo kitupu. Kitanda changu cha harusi kimekuwa chumba cha kura, na nakwambia hakijapungukiwa na heshima.

Bibi Mwanatumu, ambaye ni mkongwe na hutembea akishika ukuta, alikaa ndani ya chandarua muda mrefu hata tukaogopa amelala. Alipotoka akauliza, "Na mume wangu hatajua?" Nikamwambia hatajua. "Na mwanangu?" Naye pia. Akakaa chini akatutazama sote. Akasema, "Nimechagua, na siwaambii." Kisha akacheka peke yake mpaka machozi, akasema tangu azaliwe hajapata kuwa na jambo ambalo ni lake na hakuna wa kumwuliza. Kaka, ungemwona uso wake ungeichana ile barua yako kabla hujaitia gundi.

Haya, nikujibu sasa hoja zako. Umeniandikia kwamba mgeni ni kuku mweupe. Ni kweli. Lakini kuku mweupe ndiye mwewe humwona kwanza, na anayeonwa kwanza na mwewe ana haki ya kulia kwanza. Tena umeniandikia kwamba ukienda kwa wenye chongo uvunje lako jicho. Hapa hakuna chongo. Hawa ni watu wenye macho yao mawili wanaoambiwa wafumbe, na mimi nimekataa kufumba nao, basi.

Na baba yetu je? Alizaliwa Shihiri, Arabuni, akaja Lamu na kifurushi. Walipotaka kuhamisha soko la samaki lipelekwe mbali na nyumba za maskini, nani alisimama mbele ya kadhi na wazee wa mji akapinga? Sikumbuki mtu kumwuliza alizaliwa wapi. Au labda walimwuliza, naye akaendelea kusema. Wewe ulikuwa karibu naye, umeshika joho lake, na ulirudi nyumbani kifua mbele wiki nzima.

Sitakuficha, lipo neno lililonichoma, na halikutoka kwako. Zaituni, jirani yetu, muuza samaki wa kukaanga, aliniambia mbele ya watu, "Wewe ukichoka utapanda gari la Kiunga urudi kwenu. Sisi ndio tutakaobaki na Mahmudi, na duka lake, na hasira zake." Nilifikiri sana, hata Famau akauliza kama nimechoka naye. Kesho yake nikamwambia Zaituni kwamba ana haki. Kura si yangu, na alama ya kuchagua sitamwambia hata akinisihi. Lakini mtu akiona mlango wa jirani umefungwa kwa nje, hana haja ya kuwa mwenye nyumba ndipo aufungue.

"Na jirani akikuita mwizi?" akauliza.

"Nitakuwa mwizi niliyeacha mlango wazi nisichukue kitu."

Akanitazama, akasema, "Nipishe basi nami niingie humo ndani ya chandarua," na akaingia.

Hapo ndipo mgeni anaposimama, kaka. Nimelifikiri vizuri kuliko unavyodhani. Mgeni asimchagulie mwenyeji, hilo nakubali na naweka mkono kifuani. Lakini kunyamaza wakati wenyeji wenyewe wamekuja kuketi kitandani pangu wakiuliza, huko siko kuwa na adabu ya mgeni. Ni uvivu tu, nao umevaa buibui.

Mahmudi alipoona halwa yake imeingia mchanga akaenda afisini kushtaki kwamba mke wa Famau ni raia wa Waingereza na anavuruga siasa ya nchi ya watu. Afisa wa Kitaliano, maana serikali hapa bado ni yao, akamwita Famau. Akamwambia, ama mkeo atoe ahadi kwamba atafunga mdomo, ama atapelekwa Ras Kamboni avushwe mpaka. Akasema wageni hawana neno katika siasa za nchi. Famau anasema alimtazama bwana yule, ambaye kwao ni ng'ambo ya bahari mbili, akasubiri acheke. Hakucheka. Basi Famau akamjibu kwa Kitaliano safi, "Bwana, nimeoa mtu. Lingekuwa sanduku ningelitia kufuli." Alipokuja kunisimulia nilimshika mikono yote miwili. Anaweza kupoteza kazi kwa neno lile, na alilisema. Sasa niambie kaka, mtu kama huyo nimwache nije kuandika radhi?

Askari alikuja kuniita Jumatano, alasiri, nyumba imejaa. Mavyaa alimkuta mlangoni.

"Namtaka yule mwanamke wa Lamu," askari akasema.

"Huyo ni mchu wangu, mtu wa nyumba hii," mavyaa akamjibu. "Yumo chumbani, anatazamwa. Ingia ukamtoe, kama mama yako alikuzaa ili uingie chumba cha bi harusi wa watu."

Yule maskini aliangalia viatu vya wanawake vilivyojaa ukumbini, akaangalia pazia. Akauliza bi harusi atatolewa nje lini. Mavyaa akamwambia bado, hajatazamwa vya kutosha. Akapewa kahawa, akanywa amesimama, akaenda zake. Tangu hapo kila asubuhi mavyaa hunipaka hina juu ya hina. Desturi ni siku saba, mimi naingia wiki ya tano. Sijapata kusikia bi harusi aliyetazamwa hivi, na mikono yangu imekuwa myeusi kama ya mchoma makaa, lakini sheria ya nyumba hii ni kwamba bi harusi hatoki mpaka atolewe, na hata Mahmudi hawezi kusimama sokoni akaipinga, kwani dada yake mwenyewe aliolewa hivyo.

Nitatolewa siku ya kura, asubuhi. Hivyo ndivyo mavyaa alivyoamua. Na bi harusi akitoka mara ya kwanza wanawake wa mtaa lazima wamsindikize njiani kwa vigelegele na pembe. Watanisindikiza mpaka mlango wa chumba cha kura. Nitasimama nje, maana ndani si pangu. Wao wataingia mmoja mmoja, Zaituni na Bibi Mwanatumu na wote, na mimi nitawashikia ushungi na makapu yao. Askari akitaka kunikamata atanikuta pale pale, mchana, na hina yangu. Naogopa, usidhani siogopi. Nikifikiria kuvushwa mpaka na kumwacha Famau ufukweni, humwamsha usiku anisemeshe. Lakini ahadi ya kunyamaza sitoi, si kwa afisa, si kwa Mahmudi, na kwako wewe nikupendaye kuliko wote hao, pia sitoi.

Nisalimie wifi yangu Zakia, mabusu kwa Athmani na Mwanasiti, umwambie Mwanasiti kikuba alichonifungia siku ya kuondoka nimekihifadhi ingawa kimekauka. Nisalimie ami Hamidi, na umwombe asinikasirikie naye, mmoja ananitosha. Mavyaa anakusalimu na anasema mlimpa mkwe mwenye kelele na haombi arudishiwe chochote. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuongezee riziki ya halali, na akulainishie moyo juu yangu.

Likinipata la kunipata, Famau amesema tutavuka pamoja. Lisiponipata, tutakuja vilevile pamoja, kwa sababu nataka umwone akicheka. Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha tarajia hodi yetu mlangoni. Lakini kaka, usinitandikie chumba changu cha zamani. Tutandikie cha wageni, maana nitakuja kutembea tu, kisha nirudi kwetu.

Mdogo wako asiyekusikia lakini akupendaye,
Mwanapili