Wifi, na Watu Sita wa Kwenye Benchi

Mpendwa wifi yangu Paskalina,

Upepo wa Juni umerudi Dodoma. Unavuma tangu asubuhi, ule mkavu unaopasua midomo, na vumbi jekundu limetanda juu ya magunia hadi sijui tena lipi la karanga na lipi la alizeti. Nimekaa kibandani kwa shangazi, hapa Majengo, saa ile ya mchana ambayo wateja wameenda kula na soko zima linasinzia. Kwa kitambo kidogo nimekuona. Ulikuwa umekaa palepale pako, penseli sikioni, ukinisubiri nisome swali. Nilipopepesa macho hukuwepo.

Nakuandikia waziwazi, mbele za watu, kwa sababu sifa ulizonipa umenipa mbele za watu. Kila ninapokutana na mtu wa kwenu, au mtu anayetoka huko Sumbawanga unakofanya kazi, ananiambia, "Kumbe wewe ndiye yule wifi aliyemfuata mwenzake hadi shambani!" Hadithi hiyo wanaipenda. Ina kipande ambacho sijawahi kukuambia, nami nitakifikia. Kwanza niache nikumbuke taratibu, maana nikikumbuka taratibu napata nguvu.

Nakukumbuka Hombolo, chuoni, kabla hujawa wifi wa mtu. Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kama maziwa, na wewe ulikuwa unatembea ukingoni ukizungumza peke yako kwa Kisandawe, lugha ile yenye milio ya ulimi ambayo sisi Wagogo tulijaribu kuiga tukaishia kujing'ata. Kaka yangu Elia alikuja kunitembelea siku moja, akakukuta umekaa kitandani kwangu unakula zabibu alizoniletea wiki iliyotangulia.

"Huyu anayekumalizia zabibu ni nani?" akauliza.

"Ni mtu ambaye hakukaribishwa lakini amekaa," ukamjibu mwenyewe.

Akacheka. Mwaka uliofuata tulikuwa ukumbini, mimi nimevaa sare ya wifi wa bibi harusi.

Mlikaa miaka miwili. Figo zilimchukua Elia wetu katika msimu wa mvua, na baada ya arobaini ndugu walianza kuliangalia sanduku lako kama abiria wanavyoliangalia basi lililochelewa kuondoka. Hukuwa na mtoto. Wengine walinong'ona kwamba umekuja na mkosi. Nilikwambia, "Njoo Makole, chumba changu kinatosha." Ulikuja na sanduku moja na godoro, na kwa wiki tatu hukusema neno zaidi ya shukrani.

Kilichokufungua mdomo ni kitini. Nilikuwa nimejiandikisha kwenye usaili wa kuandika wa zile nafasi za maofisa wasaidizi serikalini, na nilikuwa nimenunua kitini cha mazoezi, kurasa zilizotolewa kopi mpaka wino umepauka. Nusu ya kwanza ilikuwa majedwali na grafu, nusu ya pili maswali ya mantiki. Nilikuwa nahangaika nacho hapa kibandani, ukakichukua mkononi mwangu.

"Unakimbilia kupiga hesabu," ukasema. "Soma kichwa cha jedwali. Wameandika kwa maelfu."

Nikasoma. Walikuwa wameandika kwa maelfu. Jibu langu lilikuwa limeipa wilaya nzima wanafunzi mia nne tu.

Kesho yake nilikulazimisha ujiandikishe na wewe.

Ndipo ulipoanza ule mwaka ambao mpaka leo naukumbuka kama ndoto ya mchana. Tulikuwa tunachambua karanga huku tunasoma. Mimi nasoma swali kwa sauti, wewe unafumba macho, mikono inaendelea kutenga mbovu na nzima. Ukipata jibu hukulitamka. Ulikuwa unapiga ulimi kwenye kaakaa, mlio mmoja mkavu, nami najua umeshafika, na mimi bado niko njiani. Shangazi alikuwa anausikia mlio ule akiwa kibanda cha jirani na kupaza sauti, "Ameshapata tena?"

Yale maswali ya majibu matatu niliyachukia. Kweli, si kweli, au haiwezekani kujua. Hilo la tatu mimi sikulichagua hata mara moja, niliona kama ni kukiri ujinga. Wewe ulilipenda. "Usiongeze kitu ambacho hakijaandikwa, wifi," ulikuwa unaniambia. Siku moja uliongeza, bila kuinua uso, "Ndugu zenu wangelifanya swali hili wangefeli wote." Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu msiba.

Na yale ya mpangilio wa kukaa! Watu sita wako kwenye benchi. A hakai karibu na B. C yuko mwisho wa kushoto. D yuko kati ya E na F. Mimi herufi zilikuwa zinanichanganya, basi wewe ukasema hao ni watu, tuwape majina. A akawa mama yangu. B akawa mjomba Yakobo, ambaye kweli mama hakai naye karibu tangu ugomvi wa shamba la mizabibu. C shangazi. E mimi, F wewe. Ilibaki D, yule wa katikati yetu.

Ukasema, "Elia."

Nadhani lilikutoka tu. Mikono yako ikasimama juu ya ungo. Nikakuambia tunaweza kubadilisha, tumwite jirani, tumwite yeyote. Ulitikisa kichwa.

"Swali linasema watu sita," ukasema. "Mwache akae."

Tukalimaliza swali hilo machozi yakitutoka, na jibu tulilipata. Toka siku hiyo kila benchi iliyokuja tulimwekea Elia nafasi. Wakati mwingine alikuwa mwisho wa kulia, wakati mwingine mkabala na mama kwenye meza ya duara. Nilianza kuyangojea maswali yale. Nilikuwa nalala nikijua kesho nitamwona kaka yangu amekaa mahali fulani, na ni juu yetu kutafuta ni wapi.

Tulifanya mtihani pamoja, kwenye ukumbi uliojaa vijana mpaka milangoni. Wewe ukaenda Chemba kumsaidia mama yako kuvuna ufuta, mimi nikarudi Majengo kungoja.

Sasa nakifikia kile kipande.

Majina ya walioitwa kwenye usaili wa mahojiano yalitoka Jumanne asubuhi. Niliyafungua kwenye simu nikiwa nimesimama hapahapa. Nililitafuta jina langu mara tatu, juu hadi chini, chini hadi juu. Halikuwepo. Lako lilikuwepo. Mahojiano yalikuwa Ijumaa.

Simu yako haikupatikana. Kijijini kwenu mtandao mpaka mtu apande kilimani. Lakini nilikuwa na namba ya jirani yenu mwenye duka, wewe mwenyewe uliniachia. Sikumpigia. Niliitia simu mfukoni, nikaendelea kupima karanga. Shangazi akaniuliza, "Majina bado?" Nikamjibu, "Bado."

Wivu ulikuwepo, sitakudanganya tena. Nilikuwa nimekuingiza mimi kwenye jambo lile, kwa kitini changu. Lakini kilichokuwa kikubwa kuliko wivu ni woga. Niliona wazi kwamba ukipata kazi watakupeleka mbali, na chumba cha Makole kitabaki na mimi, na hapatakuwa tena na mtu wa kumpangia Elia mahali pa kukaa. Nilijiambia kwamba usipoitikia Ijumaa hutajua kamwe. Utadhani tumefeli wote. Tutanunua kitini kingine.

Hivyo ndivyo nilivyoimaliza Jumanne yote, wifi. Na Jumatano karibu yote.

Jumatano alasiri nilikichukua kitini nianze kukichana, nikitumie kufungia karanga. Ukurasa wa kwanza niliochana ulikuwa na penseli yako pembeni. Nilikuwa nimekosa swali, na wewe, wakati sipo, ulikuwa umeandika kwa herufi ndogo: "Wifi, hapa umeelewa vizuri, umekosea kujumlisha tu. Usiogope." Nikafungua mwingine. Kila nilipokosa ulikuwa umenielezea. Kitini kizima. Hukuwa umeyafanyia kazi maswali yako hata moja humo, ulikuwa unanifundisha mimi.

Nilimpigia jirani yenu, simu yake ilikuwa imezimwa. Alhamisi nikapanda basi la kwanza hadi Chemba, na kutoka hapo bodaboda hadi kwenu. Mama yako alikuwa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana mama. Kuna kazi."

Akaninyoshea mkono kuelekea shambani. Nilikukuta katikati ya matita ya ufuta yaliyosimamishwa kukauka, umejifunga khanga kichwani. Nilikuambia kwa pumzi moja. Swali lako la kwanza lilikuwa, "Na wewe?"

"Mimi simo."

Ulikaa chini, palepale kwenye vumbi, ukalia. Jina lako limetoka, na wewe ukawa unanililia mimi. Halafu ukajifuta uso ukauliza, "Yametoka lini?"

Nikasema, "Jana jioni."

Hicho ndicho kipande, wifi. Yalitoka Jumanne asubuhi. Nilikaa nayo siku mbili kasoro kidogo, na kama ningekaa nayo siku moja zaidi usingekuwa hapo ulipo. Yaliyobaki ni kama unavyoyasimulia wewe: basi lilikuwa limeshaondoka, tulipanda lori la magunia ya ufuta, tuliingia Dodoma jua linazama tukiwa weupe kwa vumbi, na Ijumaa ukaingia kwenye mahojiano na viatu vyangu vinavyokubana. Lakini ukiisimulia tena, anzia Jumanne.

Mimi nimefanya usaili mara mbili tena na sijaitwa. Siumii kama zamani. Jumamosi wanakuja hapa vijana waliomaliza vyuo, tunafanya mazoezi huku tunachambua karanga, na wawili wao wameshapata kazi. Nawaambia wasome kichwa cha jedwali kwanza. Nikifika kwenye swali la haiwezekani kujua, sauti yangu inageuka yako.

Wiki iliyopita ulinipigia. Ulisema kuna mwalimu huko, mgane, amefiwa na mwenza kama wewe, mtu mpole, na ameomba kukuoa. Kisha ukauliza kwa sauti ndogo, "Wifi, nikiolewa, mimi na wewe tutaitana nani?" Nilisema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Jumapili nilimpelekea mama lile swali lako. Alikuwa anapepeta uwele, hakusimama hata kidogo. Akasema, "Mwambie aolewe. Na mwambie binti haondoki bila watu wa kwao. Tutakaa upande wake pamoja na mama yake, na atakayeuliza sisi ni nani, nitamjibu mimi." Halafu akaniuliza Sumbawanga ni siku ngapi kwa basi, na kama kuna baridi.

Basi hilo ndilo jibu, nami nalitia sahihi kwa mikono miwili. Olewa, wifi. Kama kaka yangu angeweza kusema neno, najua angesema hilohilo, tena kwa kelele. Tutaitana kama tunavyoitana.

Ila sasa umeyajua ya Jumanne. Ukisha kuyasoma, kama moyo wako hautaki nije, mama atapanda basi peke yake, na mimi sitakuuliza lolote, wala sitaacha kukuombea. Ukitaka nije, usiniandikie maneno mengi. Nitajie tu harusi ni Jumamosi gani.

Nakungoja,

Wifi yako wa Makole