Vidudu vya Kaka Yako

Nyumbani,
kwenye kona ya meza niliyoachiwa.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa shemeji,

Hujambo? Mama watoto na wanao wazima? Sisi tunaendelea vizuri, ila kaka yako atanitia wazimu.

Safari yenu ya mtoni ni mwezi ujao, ukija likizo, na mpaka leo hajaamua afunge vidudu gani vya kuvulia. Unavijua mwenyewe: manyoya na uzi juu ya ndoano, samaki adhani ni mdudu. Meza nzima imejaa manyoya, chakula tunakula tumepakata sahani. Asubuhi anataka vya kahawia, eti maji yatakuwa maangavu. Wingu likitanda mchana, anataka vyeusi. Ile kofia yangu ya harusi yenye manyoya sasa ina kipara.

Nilimwambia afunge chochote, samaki hawachagui nguo. Akanijibu, "Wewe mambo haya huyajui." Nikamnunia.

Juzi nikaingia na nguo nilizoanua, nikamkuta anahangaika kuzungusha uzi kwenye ndoano. Mikono ilimtetemeka, shemeji, mpaka ndoano ikadondoka. Aliponiona akafunika kila kitu kwa gazeti, akasema bado anafikiria rangi. Moyo uliniuma sana. Kumbe hakuna cha rangi wala nini.

Nikajifanya nimechoka kukaa bure, nikamwomba anifundishe. Sasa yeye anachagua, mimi nafunga. Na ni bosi asiyevumilika: shingo nene, mkia mfupi, fumua, anza upya. Vidole vyangu vimegandana kwa gundi na ahsante sijaisikia.

Nakuomba kitu kimoja. Mkifika mtoni, usimwonyeshe kwamba unajua. Mwambie akuchagulie, maana wewe umeshasahau. Halafu shika mishipi yote miwili, wako na wake, uvifunge hivyo vidudu mwenyewe, useme unajikumbusha. Usipofanya hivyo atakaa ukingoni anachagua mpaka jua lizame, na namjua, hatakwenda tena. Tangu uliposema unakuja hana habari nyingine.

Msalimie mama watoto, na unibusie yule kitinda mimba wako mtundu. Mungu awaongoze njiani mfike salama.

Naishia hapa kwa sababu ananiita. Amebadilisha mawazo, anataka vya kijivu, na mimi nakwenda kufumua.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
mwenye kofia ya kipara.