Shamba Lililoandikwa Jina Langu

Kaka yangu Mwadime,

Jana nilikuwa Wundanyi kwa bodi ya ardhi, na tangu nishuke hapa Voi sina raha. Bwana yangu ananiuliza, "Sasa unanuna nini, na umeshafanya ulivyotaka?" Acha nikuambie wewe, ingawa umelala kule nyumbani Bura mwaka wa pili huu, maana jambo lenyewe ni lako kuliko langu.

Unakumbuka wapimaji wa ardhi walipokuja milimani? Wewe ulikuwa kule chini kazini kwenye mkonge, umenyimwa ruhusa. Baba alikuwa ameshakugawia kile kipande cha juu ya mfereji, na wazee wa kamati walitangaza kila mtu asimame kwenye chake. Chako kilikuwa hakina mtu. Baba akakataa katakata kiachwe hivyo. "Mahali pa mtu aliye hai hapaachwi wazi," alisema, "ni kumwombea kifo." Akanitazama mimi, msichana niliyebaki nyumbani. "Wakesho, kasimame pa kaka yako." Nikaenda, jembe lako begani, nikijiona mtu mkubwa kweli. Karani akafika na watu wake wa mnyororo wa kupimia, akaniuliza jina langu. Nikalitaja. Hakuuliza shamba ni la nani, na mimi nilidhani anaandika waliohudhuria, kama shuleni.

Daftari la majina lilikaa kwa chifu miezi miwili ili mwenye malalamiko aseme. Nani angeenda kulisoma? Mlima mzima ulijua pale ni pa Mwadime.

Hati ya shamba ilipotoka na jina langu, ulicheka mpaka ukakohoa. "Kumbe nina mama mwenye nyumba!" Baba naye akasema karatasi ni ya serikali, ardhi inamjua mwenyewe. Ukajenga pale nyumba yako ya mabati, ukamwoa Mghoi, ukamleta hapo. Hata nilipoolewa huku Voi, kila Krismasi ulinibishia mlango kwa mbwembwe: "Hodi, mama mwenye nyumba, naomba nisifukuzwe mwaka huu." Nami nakujibu, "Nitafikiria, mpangaji mwenye kelele wewe." Tulicheka, kaka. Jamani, tulicheka.

Lakini kuna siku hukucheka. Ulikuja hapa Voi, mtaani kwetu Kaloleni, ukala, ukanawa mikono, ukasema, "Twende siku moja Wundanyi tukabadilishe lile jina. Watoto wanakua." Nikakwambia hakuna haraka, tutaenda. Halafu nikakuuliza habari za mahindi. Uliniangalia kidogo, ukaacha.

Nikuambie ukweli? Niliipenda ile karatasi. Baba aliwagawia nyinyi wavulana, sisi wasichana tukaambiwa tutapata kwa waume. Na mume wangu, mtu mzuri, hana hata tuta moja. Tumehama chumba hiki na kile hapa Kaloleni, mwenye nyumba akitupigia kelele kwa ndoo ya maji tu. Siku za namna hiyo nilikuwa nafungua sanduku naitazama hati. Sikutaka kulima pale, sikutaka kukutoa. Nilitaka tu iendelee kuwa mle sandukuni, yenye jina langu. Naona haya hata kuandika.

Ukafa ghafla. Nilifika nyumbani nikilia, sijakaa hata kitako, wazee wawili wakaniita kando. Wakavua kofia. "Mama, tunaomba ruhusa. Marehemu tumlaze pale kando ya nyumba yake, ama wewe unaonaje?" Mimi! Mimi ndiye wa kuombwa ruhusa ukazikwe kwako! Na nyuma yao wifi Mghoi amesimama, leso kichwani, macho chini, anangoja niseme. Nikasema ndiyo, ndiyo, jamani, ndiyo. Toka siku hiyo kila kitu alikileta kwangu. Akitaka kukata mti, anatuma mtu Voi aniulize. Akitaka kuchimba choo, anauliza. Mjane wako akawa mgeni kwenye boma lako mwenyewe, na mimi nikawa serikali.

Ndipo nikasema basi, imetosha, jina langu litoke. Nyumbani palichafuka. Bwana yangu akaniuliza, "Sisi wapangaji ndio tunagawa mashamba?" Kijana wangu mkubwa hanisemeshi mpaka leo. Wazee nao wakataka aandikwe mdogo wetu wa kiume, eti mjane ataolewa kwingine aende nalo. Nikawaambia, "Mimi nimeolewa, na sikwenda nalo popote. Ataandikwa Mghoi."

Basi jana tukasimama mbele ya bodi. Mwenyekiti, mzee mpole, akauliza, "Unamuuzia?" Nikasema la. "Kwa hivyo unampa zawadi." Nikamwambia simpi zawadi, pale ni pa mume wake tangu zamani, namrudishia tu. Akatabasamu. "Mama, hapa tuna kuuza na tuna zawadi. Kurudisha hatuna." Wakaandika zawadi.

Halafu akawageukia watu waliojaa mle ndani, akawaambia wamwone mama mwenye moyo, anayempa wifi yake shamba bure, na wengine wanafukuza wajane. Wakapiga makofi, kaka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nilitaka kusema ni chake, makofi yakanifunika. Na Mghoi, mkeo, akapiga magoti pale kwenye sakafu ya simiti, akanishika mikono yote miwili. "Asante wifi. Mungu akuzidishie. Nani mwingine angefanya hivi?"

Nikamwinua. Watu wote walikuwa wanatutazama, naye ananishukuru kwa machozi, kwa kumpa kilicho chake. Nami nikaitikia, "Karibu, wifi."

Pumzika, kaka. Nisamehe, maana huku hakuna anayejua kuwa kuna la kunisamehe.

Dada yako mdogo,
Wakesho