Unga wa Dastani

Jumanne, 18 Machi 2008
Dastani kaondoka na wenzake wa kambini. Mimi kaniambia ukweli — Komoro. Kuna mkubwa kang'ang'ania kiti kisiwa cha Nzuwani, Umoja wa Afrika umemsema weee, hasikii. Sasa wanapeleka jeshi. Wanaokaa mezani Addis Ababa ni wengine, anayevuka bahari ni mume wangu — na kuogelea hajui! Kaniomba nisimwambie mama yake. Ana presha.

Alhamisi, 20 Machi
Mama mkwe huyo, katoka Nambilanje na karanga na unga wa mtama. Kaja tule Pasaka pamoja. Nikamwambia mwanao yuko kozi, Dodoma. Kasema "Haya" tu. Nampenda huyu mama. Nimeona aibu mpaka basi.

Jumanne, 25 Machi
Redio: majeshi yameshuka Nzuwani alfajiri. Nikaizima. Mama kauliza, betri zimekwisha? Nikasema ndiyo. Dastani hapatikani. Nimelia chooni.

Jumatano, 26 Machi
Leo nimeharibu! Nafagia uani, nakuta kirundo cha unga chini ya mti wa msolo. Nani anachezea chakula? Nikaufagia. Mama kutoka nje — yowe!

Kumbe tambiko. Mtu akiwa safari ya hatari wanamwaga unga jioni, wanamwombea kwa wazee waliolala. Ukikucha haujabomoka, mtu yu salama. Mimi nimelelewa na masista, ningejuaje? Na mama mwenyewe rozari haimtoki shingoni!

Nikamuuliza, ulikuwa wa nani? Wa mwanangu, kasema. Kumbe kabla ya kuondoka Dastani alipita Nambilanje kumuaga, kapiga magoti akaomba radhi. Mtu wa kozi, kasema mama, hapigi magoti. Alijua siku zote! Kaja ili nisikae peke yangu. Nikamkumbatia, tukalia wote, halafu akanicheka kwa ile Dodoma yangu.

Jioni tumemwaga tena. Kasema safari hii mke amwage. Nikamwaga. Nikataja jina la Dastani, nikamalizia na ishara ya msalaba. Mama hakunisema.

Alhamisi, 27 Machi
Kumekucha. Simu bado kimya. Naandika nimesimama, mama yuko mlangoni, hataki nitangulie wala hataki kutangulia. Kasema twende tumeshikana mikono. Na tukikuta unga umebomoka, tuseme ni kuku.

Kuku wote tumewafungia jana, mimi na yeye.