Kanga Wako na Mwewe Niliyemtunga

Mwanangu Tumaini,

Kanga wako Doa ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza kwenye barua hii. La pili ni zito, na nimelikwepa muhula mzima: mwenzake, Madoa, hakuchukuliwa na mwewe. Nilimchinja mimi.

Unakumbuka ulivyowaangulisha chini ya yule tetea mwekundu? Mayai mengine yaliviza, wakatoka hao wawili tu. Baridi ya Juni ilipozidi ukawa unawabeba kwenye mifuko ya sweta, mmoja kushoto, mmoja kulia, unanifuata nao mpaka kwenye chai huku wanalia humo ndani. Nilikuambia utawakosesha hewa. Ukanijibu, "Baba, wakinyamaza ndiyo uogope."

Basi, mjomba wako alitokea Chunya bila taarifa, mtu ambaye miaka yote hajakanyaga kwetu. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umemaliza kuku bandani, wakabaki kanga wako tu. Niliona aibu kumwekea shemeji yangu ugali na maharage. Mama yako alisema, "Ndege wa mtoto usimguse." Nikamjibu kwamba mtoto yuko shule Mbeya, na ndege ni ndege. Unajua nikishasema kitu mbele ya watu sirudi nyuma. Mjomba wako alikula, akausifia mchuzi, kesho yake akaondoka. Mama yako hakugusa. Mimi nilikula.

Ulipopiga kwa simu ya matroni kuwaulizia, neno mwewe likanitoka lenyewe. Ulilia kidogo, nikakusikia unavuta kamasi. Nilitegemea unilaumu kwa kutowaangalia. Wewe ukaanza kunielekeza. "Baba, kanga hakai peke yake, atakonda. Mtafutie kioo ajione. Na wewe uwe unakaa naye, uongee naye hata kama hajibu."

Siku zile Doa alikuwa anazunguka nyumba akiita, kisha anasimama, shingo juu, anasikiliza. Nilijua anamsikiliza nani. Nikaegesha kile kioo changu cha kunyolea ukutani, akakaa mbele yake kutwa, chakula hataki. Siku ya tatu nikakiondoa, kwa sababu alikuwa anakidonoa mpaka mdomo unatoka damu. Nikaomba vifaranga kwa jirani ili apate wenzake. Aliwafukuza wiki nzima, sasa anawavumilia, ila kwenye bakuli lazima awe wa kwanza.

Ukapiga tena, ukaniagiza nifunge kamba juu ya uwanja ili mwewe asirudi. Mwanangu, Jumamosi nzima nilikuwa juu ya ngazi nafunga kamba, namzuia mwewe niliyemtunga mwenyewe. Watu wanapita wananipongeza kwa kazi nzuri. Mama yako alinishikia ngazi mpaka mwisho. Afadhali angenitukana.

Nikabaki na lile agizo lako jingine, la kukaa naye. Nilianza kwa kutimiza wajibu tu. Namenya mahindi, naongea naye. Nanoa jembe, naongea naye, habari za mvua, za mbolea, za majirani. Akaanza kunisogelea. Sasa haniachi. Nikienda shamba yuko nyuma. Jumapili iliyopita alinifuata mpaka kanisani, akaingia katikati ya somo, na tulipotoka mzee wa kanisa akanisalimia mlangoni, "Kamwene. Huyu naye tumwandike kwenye waumini?" Watu walicheka sana. Mimi nilishindwa kucheka.

Maana anakula mtama kwenye kiganja changu cha kulia, mkono uleule. Hana habari. Anafumba macho nikimkuna shingoni. Kila akifanya hivyo nakuona wewe kwenye simu, unaniamini vilevile, na roho inaniuma.

Wiki ijayo mnafunga shule. Nimeshaiona siku hiyo yote: utaingia, utamwita Doa, naye atakimbilia miguuni kwangu. Utanitazama na kusema, "Asante baba, umemtunza." Asante hiyo siwezi kuipokea. Ndiyo maana nampa mama yako barua hii aje nayo atakapokufuata Mbeya, uisome mkiwa njiani, na hasira yako uje nayo ikiwa nzima. Siombi uniambie yameisha.

Nilifikiri siku hiyo nishinde shambani, nikupishe umsalimie kanga wako kwa nafasi. Lakini nikiondoka atanifuata. Kwa hiyo utatukuta hapa uani, mimi na yeye.

Ni mimi niliyekudanganya,
Baba yako
Igowole