Mbuzi wa Kijani

Jumatatu, 5 Juni 2023
Nimepewa kitanda cha dirishani. Ni bahati, au ndicho wanachopewa wale wa kuangalia nje mara ya mwisho. Kesho kutwa nakatwa utumbo mpana, pale penye uvimbe. Daktari Mwiti ana mashine mpya. Atanidunga dawa ya kijani kwenye mshipa, halafu kamera itamwonyesha damu ikitembea, papo hapo anapokata. Penye kung'aa pako hai. Pasipong'aa hapashonwi.
"Ni kama ramani ya simu, mama. Inanielekeza nikiwa safarini."
Ramani ya simu ndiyo iliyompeleka shemeji Etabo na lori zima ndani ya lagga, ule mto mkavu, siku ya mafuriko.

Alhamisi, 8 Juni
Niko. Mdomo mkavu. Mwandiko unapanda mlima.

Ijumaa, 9 Juni
Daktari amenionyesha video. Matumbo yangu yanang'aa kama msikiti wakati wa Ramadhani. Mimi, mtu wa kwaya! Lakini mahali pamoja, karibu na mshono, ile kijani ilichelewa. Nikauliza.
"Ilichelewa kidogo, ikafika. Nilisubiri nikaiona."
Sawa. Akaniambia pia la kuogopa: mshono ukivuja, joto la mwili ndilo husema kwanza. Likipanda, narudi thieta kukatwa tena siku hiyo hiyo. Tukichelewa, basi. Hakumalizia hiyo basi.
Nikaomba anitumie video. Akatuma haraka, kama baba wa mapacha anayetuma picha.

Jumapili, 11 Juni
Baba mdogo Achuka amekuja kutoka Oldonyiro, na vumbi lake lote. Huyu ndiye anayesoma matumbo ya mbuzi kule. Watu hawahamishi mifugo kabla hajaangalia. Mimi nauza mitumba mjini na Jumapili naimba sauti ya pili, hayo nimeyaacha. Lakini shetani wa udadisi hajaniacha. Nikamwekea video.
"Baba mdogo, hebu niangalizie huyu mbuzi. Alichinjwa huku mjini."
"Mbona ni kijani?"
"Simu ni ya Kichina."
Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Akaacha kutafuna tumbaku. Akaniambia niirudishe nyuma. Nikairudisha. Akaonyesha kwa kidole kidogo bila kugusa kioo.
"Hii ni njia. Hapa ni boma. Njia haifiki bomani." Akanirudishia simu. "Mwenye mbuzi huyu asilale hapo alipo. Ahame."
Kisha akauliza kama hospitali hii hutoa chai.
Nilicheka. Kicheko kiliniuma mpaka mgongoni.

Jumatatu, 12 Juni
Nimeamka na joto. Si la jua la Isiolo, hilo nalijua. Hili linatoka ndani.
Sista Nyaguthii akaingia na ile bunduki yake ya kupima joto. Nilikuwa nimeshapitisha kitambaa cha maji baridi usoni. Akalenga paji, ikalia.
"Thelathini na sita! Leo uko baridi kama soda."
"Ni maombi, Sista."
Daktari yuko Meru. Kwa simu amesema, kama joto liko sawa na nimekula, niende nyumbani kesho. Uji nimeumwaga dirishani. Nilisema kitanda hiki ni bahati.
Najua ninachofanya. Nilisikia daktari vizuri. Lakini daktari ananijua, ana sababu ya kunipa moyo. Achuka alifikiri ni mbuzi. Mbuzi habembelezwi. Na kurudi thieta ni kulala hapa hapa alipokataza.

Jumanne, 13 Juni
Ndani ya gari la Lotukoi, binamu yangu, tukielekea Oldonyiro. Mwandiko unatetemeka. Lawama si ya barabara peke yake. Tumbo limekaza kama ngozi iliyowambwa juani. Kila shimo nalihesabu kwa meno. Nimejifunga shuka mbili na Lotukoi analia kwa joto.
Sista alipiga simu mara mbili kabla hatujafika Kipsing. Sikushika. Sasa mtandao umeisha, hatuwezi kulaumiana.
Achuka yuko mbele. Sasa hivi ameuliza bila kugeuka:
"Akal. Yule mbuzi alikuwa wa nani?"
"Wa jirani, kule wodini."
"Amehama?"
"Amehama."
"Lini?"
"Leo."
Amegeuka. Ameangalia shuka ya kwanza, akaangalia ya pili. Amemwambia Lotukoi asimamishe gari.
"Hapa, mzee? Hapa kuna nini?"
Hakuna kitu hapa. Migunga na mawe. Nyuma ni mbali, na mbele ni mbali.
Achuka anazunguka gari. Anafungua mlango wangu, mkono ameshaunyoosha kwenye paji langu. Chupa ya maji ninayopozea paji imebingirika chini ya kiti. Siifikii